Ukurasa wa Difu ya Kati

Habari ya kifo cha Mukabana ilinifikia nikiwa kwenye foleni ya kuosha gari, jambo ambalo lingemchekesha. Mukabana alikuwa msimamizi wa karakana mahali nilipofanya kazi yangu ya kwanza, muda usiotimia hata mwaka, katika kampuni moja ya miwa upande wa Butali, na aliamini kwamba gari linalooshwa kila wiki ni gari lisilo na kazi, na mwenye gari vivyo hivyo. Nililiosha hata hivyo. Jumamosi nikaenda mazishini Lubao nikiendesha kitu kinachong'aa, chenye magurudumu manne yanayovuta, ambacho kwa miaka mitano hakijawahi kupambana na jambo gumu kuliko nyasi za maegesho ya kanisa. Katikati ya viti vya mbele kina kidude cha kuzungusha chenye picha: mlima, mchanga, matope na chembe ya theluji. Theluji, Kakamega. Nimekizungusha mara tatu maishani, na mara zote tatu nilikuwa na abiria wa kuonyeshwa. Vijana waliokuwa wakielekeza magari pale msibani walilitazama, wakatazama njia ya udongo iliyoteremka hadi bomani, na mmoja akaniambia kwa heshima zote, "Mzee, wacha hapa juu tu. Hiyo yako ni ya lami."

Nilimwona Mzee Makokha kabla sijapata kiti. Alikuwa kwenye hema la wazee, safu ya pili, kofia magotini, mwembamba kuliko nilivyomwacha, na kando yake mwanamke wa miaka arobaini na kitu akimfungulia chupa ya maji. Nilipomjua alikuwa dereva, ana miaka hamsini na mmoja, nami ishirini na minne. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa amenyang'anywa usukani kwa sababu yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani hiki ni kisa cha kijana aliyefundishwa maisha na mzee mwema. Mzee hakuwa mwema. Ila mimi nilimshinda kwa ubaya, na nilimshinda nikiwa nimeshiba chakula chake.

Madereva walikuwa na chumba chao nyuma ya karakana, cha mabati, na fanicha yake yote ilikuwa imetolewa kwenye magari yaliyokufa. Ulikaa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, ukaweka bakuli lako juu ya betri, ukanawia mikono kwenye kifuniko cha gurudumu. Harufu ilikuwa ya dizeli na ya molasi, ile tamu iliyooza inayotoka kiwandani na kuingia hadi kwenye mto wa kulalia. Maofisa walikuwa na ukumbi wao wenye vitambaa vya meza, lakini mimi, ofisa mpya wa sehemu ya mashamba, nilikula na madereva. Nilijiambia kwamba nawapenda wananchi. Kweli yenyewe ni kwamba ukumbini ningelazimika kukaa na mkuu wangu, na kule kwa mabati obusuma, ugali wa kwao, ilikuwa ya moto, mrenda ulivutika vizuri, na watu walizungumza. Walizungumza juu ya magari jinsi watu wengine wanavyozungumza juu ya wakwe. Nilikuwa na shahada ya jiografia, nikiweza kukuchorea mto kutoka chanzo hadi mdomo, na katika chumba kile sikuwa na la kuchangia hata siku moja.

Uani kulikuwa na magari mawili ya shambani, na kama ukitaka kujua kizazi kimoja cha magari kinatofautianaje na kingine, ulitazama tu dereva anafanya nini akifika kwenye matope. Lile kuukuu lilivuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ukitaka ya mbele nayo yasaidie, ulishuka matopeni, ukazungusha kwa mkono kikombe cha chuma kilichokuwa katikati ya kila gurudumu la mbele, kulia na kushoto, ukarudi ndani, kisha ukavuta mti mfupi wa gia kando ya ule mrefu. Hapo mbele na nyuma zinafungwa pamoja kama watu waliotiwa pingu moja. Kwenye matope hakuna shida, tairi linateleza kidogo na ugomvi unaisha. Kwenye lami, ukikata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, pingu haikubali, na kitu fulani cha bei ghali kinapasuka chini yako. La pili, jipya zaidi kwa miaka kumi hivi, lilikuwa na vikombe vinavyojifunga vyenyewe ukivuta gia; kuvifungua ndiko kulikuwa na masharti, kwani ilibidi urudi nyuma hatua kadhaa. Ndiyo maana ungeliona likitoka shambani, likifika ukingoni mwa lami, likisimama, na kurudi kinyumenyume taratibu kama mtu aliyesahau mwavuli. Wageni walidhani dereva ameona maiti.

Makokha alilidharau hilo la pili. Yeye alikuwa wa lile kuukuu, na alilijua kwa vidole. Maandishi ya kwenye vile vikombe yalikuwa yamefutika kabla mimi sijaanza shule, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa macho ni wapi pamefungwa na wapi pamefunguliwa. Yeye aliweka kiganja, akasikiliza, akageuza. Kila msimu wa mvua ukianza alikuwa na desturi ya kushuka kila tunapoacha lami na kuvipapasa vikombe vyote viwili, hata kama alivifunga mwenyewe asubuhi, na baada ya matope alivipapasa tena kuona kama kimoja kimepata joto kuliko mwenzake.

Wiki yangu ya pili, mwezi wa Aprili, tulikwama kwenye njia ya mashamba. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya mahafali. "Shuka ufunge," aliniambia Makokha, na hakunieleza zaidi ya hapo. Nilishuka, nikazungusha, nikarudi nikiwa na matope hadi magotini na tabasamu la mtu aliyefaulu. Nilikuwa nimefunga kikombe kimoja na kukifungua kingine. Aliwasha, gari likazama hadi ubavuni, naye akazima injini, akatoa kipande cha muwa chini ya kiti na kuanza kukitafuna. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaja kutazama.

"Huyu ndiye digrii," aliwatangazia kupitia dirishani. "Amesomeshwa miaka mine. Mmuangalie vizuri."

"Si umuambie ni gani ameacha wazi?" mama mmoja akamwuliza.

"Wacha atafute. Si watu wa digrii wanatafutanga vitu?"

Nilitafuta karibu saa nzima, nikiwa nimepiga magoti. Tangu siku hiyo jina langu likawa Digrii, katika kampuni nzima, hadi kwa daktari wa zahanati. Na kisa chenyewe kikawa chakula cha mchana. Mara ya tatu kukisimulia, Makokha alikuwa ameongeza kwamba nililia. Mara ya sita nilimwita mama yangu. Mukabana, ambaye sijapata kumwona mtu mwenye ulimi mkali kuliko yeye, alikuwa akimchochea: "Mzee Makokha, na makamasi? Mbona leo umeruka makamasi?" Nilicheka pamoja nao. Nilicheka kila siku kuanzia Aprili hadi Julai, na kama kuna mtu anafikiri kucheka namna hiyo humwagika bure ardhini, hajawahi kuwa na miaka ishirini na minne.

Mwezi wa Julai gari jipya likaja. Lililetwa na meneja wa usafirishaji, mtu mfupi wa miwani aliyekuwa akikaa mjini Kakamega, pamoja na barua iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha madereva. Mukabana aliisoma kwa sauti ya kanisani. Magari mawili ya zamani yataondolewa. Gari la shambani litakuwa moja. Dereva wa sehemu yetu, yaani Makokha, atapimwa kwenye gari jipya. Akifaulu ataendelea, akishindwa atapangiwa kazi nyingine. Chumba kizima kilimtazama. Yeye alikuwa akichovya tonge kwenye mrenda, na akaendelea kuchovya.

"Hii haina kushukashuka," Mukabana alimwambia tulipotoka kulizunguka, akipigapiga boneti. "Magurudumu yote mine inavuta saa zote. Lami, matope, mpaka kwa mchungaji."

"Kitu inavutanga saa zote itachoka," Makokha akajibu.

"Wewe ndio utachoka kwanza, mzee."

Siku iliyofuata alibisha mlango wa ofisi yangu. Miezi minne alikuwa akiingia bila kubisha. Ofisi ilikuwa chumba chembamba chenye meza, ramani za mashamba na dirisha lisilofunguka. Alisimama katikati yake akiwa ameshika kitabu cha gari jipya kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya mwenzake. Hakuniita Digrii.

"Bwana ofisa, hii kitabu ni Kizungu tupu. Mimi naweza kusoma Biblia ya Kiluhya na gazeti ya Kiswahili, lakini hii inanishinda. Nisomee."

"Mukabana si anaweza kukuonyesha?"

"Mukabana akinionyesha, mpaka Ekero watajua nilionyeshwa."

Tulikubaliana tusome mchana, ndani ya lile gari, nyuma ya mizani ya miwa ambako hapakuwa na watu. Ninaweza kuonja siku zile mpaka leo. Mkewe alituma ingokho kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa cheupe, kuku wa kienyeji aliyechemshwa hadi supu ikawa ya dhahabu, na obusuma iliyokatwa kwa uzi. Makokha alikataa kula kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, kisha akanawa, akanipa paja. Nilisoma kwa Kizungu, nikamweleza kwa Kiswahili, naye akarudia. Alikuwa mwanafunzi ambaye walimu huomba wapewe mmoja kila darasa. Lita za mafuta ya injini, upepo wa tairi ukiwa na mzigo na bila mzigo, mpangilio wa gia. Aliyasema yote kesho yake bila kukosea, akichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Lililomtatiza ni moja tu. "Kama yote mine inavuta hata kwa lami, na mbele na nyuma hazipasuani, ni nini iko katikati?" Nilimwambia kwamba mbali na difu za mbele na nyuma, zile gia zinazoyagawia magurudumu nguvu, kuna ya tatu, katikati, inayoruhusu mbele na nyuma ziende mwendo tofauti. Alifikiri. "Sasa ni kama bibi na bwana wamekubaliana kila mtu aende na njia yake," alisema, na nikacheka, safari hii kweli.

Lakini makubaliano hayo yana dosari, na dosari hiyo ndiyo iliyokuwa na ukurasa wake. Difu ya kati hupeleka nguvu mahali penye kazi rahisi zaidi. Gurudumu moja likining'inia hewani, kazi yake ni rahisi kupita zote, basi linapewa nguvu yote na kuzunguka kama feni huku mengine matatu yakisimama yakitazama. Kwa ajili ya hali hiyo waliotengeneza gari waliweka kitufe, chini upande wa kushoto wa usukani, mahali ambapo goti la dereva hukificha. Ukikibonyeza, difu ya kati inafungwa, ile pingu ya zamani inarudi, na gari linatoka. Ni kitufe tu. Maelezo yake yalikuwa aya tatu na picha moja.

Siku tuliyofika ukurasa huo nilipita nyuma ya chumba cha madereva nikielekea garini. Kulikuwa na wageni ndani, madereva wa trekta kutoka sehemu nyingine, na kupitia mabati nilimsikia Makokha akiwasimulia. Nilikuwa nimepiga magoti. Nilikuwa nimelia. Na sasa, kwa heshima ya wageni, nilikuwa nimejikojolea. Waligonga mabakuli kwa kucheka. Nilikwenda nikakaa garini, na baada ya dakika kumi akaja, mikono safi, uso wa unyenyekevu, bakuli kifuani. "Bwana ofisa, leo mama amekutumia imondo." Imondo ni firigisi, na kwao firigisi haipewi mtu hivihivi, ni ya mwenye nyumba, na mke akiikosesha mezani kuna kesi. Ilikuwa yake. Alikuwa amejinyima, akanipa mimi.

Nilikula. Kisha nikafungua kitabu kwa vidole vyenye mafuta na kugeuza kurasa mbili kwa mara moja. Sikuwaza sana, ningependa kusema niliwaza, maana angalau ingekuwa na hadhi ya mpango. Alikuwa akitazama dashibodi, hakuona. Nikamsomea jinsi ya kubadilisha fyuzi. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho yake tulisoma kuhusu taa.

Mtihani ulifanyika asubuhi ya Ijumaa, mvua ikiwa imekatika alfajiri. Makokha alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Meneja wa usafirishaji alisimama shambani chini ya mwavuli pamoja na Mukabana, na mimi nikawekwa kiti cha nyuma nikiwa na fomu ya kutia alama, kwa kuwa ndiye ofisa wa sehemu. Makokha aliendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa nyuma yake. Alipita kijito bila kurusha maji, akapanda kilima kwa gia ndogo bila kugusa breki, nami nikatia alama, alama, alama. Kisha akaelekezwa kwenye mtaro wa maji unaokata njia kwa mshazari. Aliuingia kwa pembe, kama mtu anayejua anafanya nini. Gurudumu la mbele la kushoto likabaki hewani, na gari likasimama. Lililoning'inia mbele likaanza kuzunguka peke yake, kwa furaha, likitupa matope hadi kwenye mwavuli wa meneja.

Hakuhangaika. Alijaribu mbele, akajaribu nyuma, akaweka gia ndogo, akajaribu tena. Akazima. Goti lake la kushoto lilikuwa limekiegemea kile kitufe. Nilikuwa nakiona. Akageuka na kunitazama, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata kidogo juu yangu. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake akiomba tu silabi ya kwanza.

"Bwana ofisa," alisema polepole, "kuna kitu imenitoka?"

"Mtihani ni wako, mzee," nilimwambia. "Mimi sina ruhusa."

Meneja, aliyekuwa amesogea dirishani, alitikisa kichwa kuniafiki. Alipenda sana uaminifu wangu. Aliutaja baadaye kwenye barua.

Makokha akafungua mlango, akashuka. Akaenda kwenye gurudumu la mbele, akainama, akaweka kiganja katikati yake. Pale palikuwa na chuma laini, hakuna kikombe, hakuna cha kugeuza. Alipapasa pande zote. Kisha akazunguka mbele ya gari, matope yakimvuta viatu, akaenda kwenye gurudumu la pili na kulipapasa hilo nalo, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Mzee!" Mukabana akapaza sauti. "Unapima homa?"

Wakataji wa miwa waliokuwa mwisho wa shamba walisikia, wakapokezana ule utani hadi mstari mzima ukawa umeinama kwa kucheka. Meneja akacheka. Mimi nilicheka mpaka fomu ikadondoka sakafuni, na nilipoinama kuiokota nilikuwa bado nacheka. Makokha alisimama wima, mikono imejaa matope, akatutazama mmoja mmoja, naye akajaribu kucheka kidogo ili asibaki nje.

Mukabana aliingia kwenye kiti cha dereva, akapeleka mkono chini ya usukani bila hata kutazama, akabonyeza. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka. Gari likatoka mtaroni kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji.

"Kitufe kimoja," meneja alimwambia Makokha. "Kimoja tu, mzee."

Niliandika kwenye fomu: Ameshindwa. Nina mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata walimpa sare ya buluu na filimbi na kumweka getini. Dereva mwingine hakuajiriwa. Meneja alisema gari la siku hizi halihitaji fundi wa kulishika, ofisa anaweza kujiendesha. Kwa hiyo gari nilipewa mimi. Ni kweli alichosema meneja, na kimeendelea kuwa kweli kwa kila kizazi kilichofuata: lile la zamani lilihitaji mtu wa kushuka, la pili mtu wa kurudi nyuma, lile jipya mtu wa kujua kitufe, na langu la leo halimhitaji mtu kabisa, kompyuta yake inakamata breki ya gurudumu linalozubaa kabla sijajua kuna matope. Wanaosifu maendeleo haya huwa hawajawahi kufunguliwa geti kila asubuhi na aliyekuwa akiketi mahali pao. Alinipigia saluti. Hakula tena kwenye chumba cha mabati, na kile kisa cha viatu vya mahafali hakikusimuliwa tena. Nilikuwa nimeshinda, na chakula cha mchana kikawa kimya sana.

Mukabana aliniuliza mara moja tu. Alikuwa chini ya gari, nikiona miguu yake peke yake.

"Digrii. Niliwaona mkikaa nyuma ya mizani. Si ulikuwa unamsomea?"

"Nilimsomea."

"Yote?"

"Yote. Alisahau."

"Basi mzee ameanza kuisha," ikasema ile sauti, na spana ikaendelea. Mukabana hakuwa mtu wa kuweka jambo. Kabla ya jioni lilikuwa limefika getini. Mwezi wa Desemba nikapata kazi ya kufundisha Nairobi, nikaondoka na barua yangu ya uaminifu.

Kule Lubao, baada ya mazishi, chakula kilipakuliwa nyuma ya nyumba, nami nikajikuta nimesimama na sahani ya wali na nyama mbele ya Mzee Makokha. "Mulembe, mzee," nilimwamkia. Alinyoosha mkono akinitafuta usoni.

"Ni yule ofisa, Baba," akamwambia yule mwanamke, ambaye ni Nafula, binti yake. Mwaka ule alikuwa kidato cha pili. "Yule wa kitabu."

"Digrii!" Alicheka kwa meno yaliyobaki, akanivuta nikae, na hakuniachia mkono. Aliwageukia wazee wenzake. "Huyu kijana alinisomea kitabu ya gari, ukurasa kwa ukurasa. Na mimi siku ya mtihani nikasimama kwa matope kama ng'ombe. Alinisomea, ikaingia, ikatoka."

Wazee walisikitika kwa adabu. Nafula akasogeza kiti chake.

"Alirudi na hicho kitabu nyumbani siku ile," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa baba yake alikuwa akisikia. "Akaniambia nisome mpaka nipate. Nikapata, ya kitufe. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Akasema hakumbuki hata neno moja, ni kama hajawahi kusikia. Aliogopa sana. Tangu hapo hakushika tena gari. Alitoka kazini mwaka uliofuata, watu wakaja kumwita aendeshe, unajua alikuwa na jina, na yeye anawaambia kichwa imekufa. Hata duka ukimtuma, lazima uandike."

"Utabebaje watu na kichwa imekufa?" Makokha akauliza, si kwa huzuni, kama mtu anayetaja sheria ya barabara. "Si nitawaua?"

Wali ulikuwa ukipoa. Ningeweza kunyamaza, nilikuwa na uzoefu wa miaka karibu thelathini. Nilisema kwa sababu nilitaka kula nikiwa nimejisafisha, na kwa sababu, nisijifiche, nilikuwa nimeshaanza kuisikia insha hii kichwani. Niliwahi hata kupanga nyuso mbili, moja ya kupokea hasira na nyingine ya kupokea msamaha.

"Mzee, hukusahau. Ule ukurasa sikukusomea. Niliuruka."

Nafula aliacha kumimina soda.

"Uliruka bila kujua," Makokha akasema, akinisaidia.

"Nilijua."

Wazee wawili wa pembeni waligundua kwamba wanaitwa mahali. Makokha hakuuachia mkono wangu mara moja. Alikuwa akitazama mbele, midomo ikitembea bila sauti, na nilisubiri, nikiwa na nyuso zangu mbili tayari, na hakuna hata mmoja uliohitajika.

"Kwa hivyo kichwa yangu ilikuwa mzima," alisema.

"Ilikuwa nzima, mzee."

"Wakati huo wote."

"Ndiyo."

Akaniachia mkono. Hakunitazama tena. Aliinua mkono wake wa kushoto hadi karibu na macho, na kwa ule wa kulia akakunja kidole kidogo. "Hospitali ya misheni," alisema. "Walikuja kuniita mara mbili." Akakunja cha pili. "Ile basi ya shule ya wasichana." Cha tatu. "Watu wa msitu, na ile gari yao kubwa." Cha nne. "Shemeji, na pikapu yake." Alifikiri kidogo, kisha akakunja gumba. "Kanisa."

"Baba, basi," Nafula akamwambia. "Kula."

Aliitazama ile ngumi, akaifungua, akainua mkono wa kulia na kukishika kidole chake kidogo.